Bahasha Haina Mstari wa Msamaha

Mwezi unapokuwa mpevu, wavuvi wa dagaa wa Kigoma hawaingii ziwani. Taa zao, ambazo zamani zilikuwa karabai na sasa nyingi ni za betri na sola, haziwezi kushindana na mwanga wa angani, na dagaa wanaofuata taa gizani hutawanyika. Mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, mahesabu ya giza lililopita hufungwa, na vijana wenye fedha kidogo mfukoni hushinda nchi kavu. Wanaoandaa mikutano ya maombezi wanaijua kalenda hiyo kama afisa uvuvi. Kuanzia Kibirizi hadi Katonga, na kupanda Mwanga mpaka Gungu, mabango huota siku hizohizo za mbalamwezi: usiku wa mpenyo, siku tatu za kufunguliwa, mwezi wa kumiliki. Mtumishi amevaa suti, kipaza sauti mkononi, na nyuma yake mchoraji ameweka miali ya moto.

Mabango yamezidi, na hasira dhidi yake nayo imezidi. Kwenye vijiwe vya kahawa Ujiji, kwenye vikao vya harusi, hata ndani ya kamati za makanisa yenyewe, siku hizi hoja ni moja: tufanye kama Rwanda. Jirani zetu walipitisha sheria mwaka 2018 inayodai viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia, wakafunga maelfu ya nyumba za ibada mwaka huohuo, na mwaka 2024 wakafunga nyingine maelfu zilizokosa vigezo. Anayetaka kuongeza uzito hukumbusha Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipopoteza maisha katika msongamano wa kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Hoja yenyewe imejengwa kwa vipande vitatu: manabii ni matapeli, wafuasi wao ni wajinga, dawa ni cheti.

Nadhani tumekosea kuutaja ugonjwa. Chini ya hoja hiyo umelala ubishi wa zamani kidogo kati ya wahubiri wa dhambi na neema na wahubiri wa mafanikio, wale wanaofundisha kwamba imani na sadaka huleta mali na afya, na karibu kila ninayemsikia akiuelezea huanza na dhana ileile: kwamba injili ya mafanikio ni mahubiri mepesi, ya kumpapasa mtu mgongo, ilhali mahubiri ya dhambi ni ya watu wenye ngozi ngumu. Mimi naona ni kinyume chake. Injili ya mafanikio ndiyo kali. Imelifuta neno dhambi, lakini hatia imeiacha palepale ilipokuwa, kisha ikaizibia mlango wa kutokea.

Nitatoa mfano mmoja wa nyumbani. Shangazi yangu hununua dagaa wabichi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri na kuwaanika. Masika moja mvua ilimpiga siku tatu mfululizo; dagaa walioanikwa wakageuka rangi, na mwisho akawauza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Wiki mbili kabla alikuwa amepanda mbegu, yaani sadaka ya kutarajia mavuno, ya shilingi 50,000. Alinionyesha bahasha iliyobaki, ameihifadhi ndani ya Biblia: imepigwa chapa mistari minne, Jina, Simu, Hitaji, Kiasi, na chini yake Malaki 3:10. Alipokwenda kueleza yaliyompata, aliambiwa kuna mlango haukufungwa, na kwamba mbegu yake haikulingana na mavuno aliyoyaomba. Akapewa bahasha ya pili. Nilimuuliza, "Sasa shangazi, kosa lako lilikuwa nini?" Akasema, "Imani yangu ndogo, mwanangu." Nikamuuliza imani ndogo huombewa msamaha wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa.

Ubishi wote umo katika jibu hilo. Dhambi, kama Ukristo ulivyoifundisha tangu mwanzo, ni kitu chenye mipaka. Lipo tendo, yupo aliyetendewa, na upo wakati lilipotendeka. Unaweza kulitaja kwa jina. Ukishalitaja unaweza kutubu, ukishatubu unasamehewa, na kama kuna mtu uliyemdhulumu unarudisha chake. Siku ya pili unaamka na jambo hilo limekwisha. Neema ndiyo inayolimaliza, na haina bei, ndiyo maana inaitwa neema. Sasa linganisha na imani ndogo. Haina tendo, haina aliyekosewa, wala haina kipimo isipokuwa matokeo, na matokeo kwa mwanika dagaa yanategemea mawingu yanayotoka upande wa Kongo. Mvua ikinyesha, imani ilikuwa ndogo. Ikikatika, imani ilitosha, kwa leo. Mtu hawezi kuungama udogo wa imani akasimama akiwa amemaliza, maana kesho soko linamshtaki upya. Shangazi hakuondoka pale akiwa amebembelezwa. Aliondoka na deni.

Wanafunzi waliwahi kuuliza swali la namna hiyo walipomwona kipofu: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Jibu la Yesu katika Yohana 9 ni kwamba si yeye wala wazazi wake. Mahubiri ya laana za ukoo, yanayodai shida ya mtu imetokana na makosa ya wazazi wake, yanarudi kwenye swali la wanafunzi na kukataa kusikiliza jibu.

Tukubali kwanza kwamba ujumbe huu haukudondoka kutoka mbinguni wala haukuzaliwa Lagos, kama wengine wanavyodhani. Mizizi yake iko Marekani, kwa wahubiri kama E. W. Kenyon, kisha Kenneth Hagin, na Oral Roberts aliyeieneza lugha ya kupanda mbegu ya imani. Kwetu ulipata udongo kwa sababu zinazoeleweka. Miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu. Mwaka 1986 nchi ikaingia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, soko likafunguliwa, na miaka ya 1990 redio na televisheni binafsi zikaanza. Mtu aliyekuwa amefundishwa kwamba umaskini ni wa wote na utaondolewa na wote, ghafla akaambiwa kila mmoja ajitegemee. Mhubiri wa mafanikio alikuwa wa kwanza kumweleza, kwa lugha ya kanisa, jinsi ya kuishi katika dunia hiyo mpya. Wachumi walikuja baadaye, na kwa Kiingereza.

Hapa ndipo watetezi wake wana hoja ya maana, na haifai kuipita mbiombio. Wanasema makanisa ya kale yalihubiri roho yakausahau mwili. Waha, wenyeji wa mkoa huu, hawakuwahi kutenganisha viwili hivyo. Mtu aliomba mvua, mtoto, na ng'ombe azae, na Mungu aliyeulizwa mambo hayo hakuona aibu. Kisha wakaja wamisionari, wale wa London walioingia Ujiji mwaka 1878 na Mapadre Weupe waliowafuata mwaka 1879, na baada yao madhehebu mengine hadi Kasulu na Kibondo. Walijenga shule na zahanati, hilo hatuwezi kuwanyima. Lakini kizazi cha babu zetu, kilichopanda treni kwenda kukata mkonge kama manamba, kilisikia mno mahubiri ya kuvumilia na kidogo mno ya kudai. Mtu akikwambia leo kwamba Mungu anataka upone na watoto wako walipiwe ada, hakuambii uongo. Mtume mwenyewe anaandika katika waraka wa 3 Yohana, "Mpenzi naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako." Wapo pia vijana ninaowafahamu pale Kibirizi walioacha pombe kwenye mikutano hiyo, wakaanza kuweka akiba, wakanunua injini. Wapo wanawake ambao kwa mara ya kwanza waliitwa kwa jina mbele ya watu na kupewa kipaza sauti. Kanisa lililowakalisha benchi la nyuma miaka 30 lisishangae wakihama.

Hoja inayofuata, ya shuhuda, ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi: inafanya kazi, si umesikia shuhuda? Nimezisikia. Mtu kapata nyumba, mwingine kesi yake imefutwa, wa tatu kapata mume. Lakini kipaza sauti kina mlinzi. Hakuna aliyewahi kupandishwa jukwaani kusema, nilipanda mbegu mwezi wa tatu na dagaa wangu wakaoza. Mwenye mitumbwi kumi akiomba yote kumi ipate, na mmoja ukajaza, ushuhuda ni wa huo mmoja. Tisa iliyorudi mitupu inaitwa majaribu. Kwa hesabu ya namna hiyo hata mganga wa bahati nasibu ana shuhuda. Na ukikutana na wanaojitetea kwa Malaki 3:10, juu ya madirisha ya mbinguni yanayofunguliwa kwa mtoa zaka, waombe wasome mistari mitano nyuma. Katika 3:5, katika sura ileile, Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na wanaomwonea mtu wa kuajiriwa katika mshahara wake, na mjane na yatima. Hata zaka yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 14, ile ya mwaka wa tatu iliamriwa iwekwe ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Mjane yumo katika orodha ya wanaopokea. Namna alivyohamishiwa orodha ya wanaotoa, hadi akapigiwa chapa bahasha yake, ni jambo linalohitaji maelezo kutoka kwa mtu mwenye kipaza sauti.

Turudi kwenye cheti. Sina ugomvi na serikali kudai jengo lenye milango ya kutosha, na baada ya Moshi hakuna mwenye akili timamu atakayeubisha ukaguzi wa viwanja na njia za kutokea. Lakini kudhani shahada ya theolojia itaondoa injili ya mafanikio ni kusahau historia yake. Oral Roberts aliyetajwa hapo juu alianzisha chuo kikuu kizima pale Tulsa, Oklahoma, miaka ya 1960, na kina jina lake hadi leo. Kukosa vitabu hakukuwa tatizo. Johann Tetzel, yule mtawa aliyeuza vyeti vya msamaha hadi Martin Luther akapandisha hoja zake mwaka 1517, naye alikuwa amesoma. Neema iliwahi kuuzwa na wasomi, tena kwa risiti. Sheria inaweza kufunga ukumbi. Haiwezi kumjibu shangazi yangu swali la kosa lake lilikuwa nini. Akifungiwa Gungu atavuka kwenda kulisikia jibu lilelile kwenye simu.

Ugumu mkubwa wa hoja yangu uko upande wa wenzangu, wahubiri wa dhambi na neema. Wengi wao wamelishika neno la kwanza wakaliachia la pili. Na hilo la kwanza nalo wamelipunguza likabaki orodha fupi ya mambo ya watu wasio na uwezo: pombe ya kienyeji, mimba ya binti, ndoa isiyobarikiwa. Binti wa kwaya akipata mimba hutengwa, jina lake husomwa mbele ya ushirika, na humwoni mezani pa Bwana mpaka azae, atubu, na wazee waridhike. Kijana aliyempa mimba huonekana Jumapili ijayo akipiga kinanda. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja katika dhehebu nililolelewa, ambalo sitalitaja kwa kuwa halina upekee wowote katika jambo hili. Mtu akitoka kwenye adhabu hiyo akakutana na bango lisemalo Mungu hajakuacha, utamlaumu kwa lipi?

Haikuwa hivyo daima. Wazee wetu wengine walipitia Uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Burundi na magharibi ya Tanganyika, ukaacha wimbo wa Tukutendereza ambao hadi leo mazishi ya mlokole hayaishi bila kuimbwa. Alama yake ilikuwa kuungama hadharani na kurudisha. Watu walipeleka vitu walivyoiba kwa wenyewe, wakalipa madeni waliyokuwa wameyakana, waume wakawaomba radhi wake zao mbele za watu, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa karibu na kashfa. Uamsho ulikuwa na kasoro zake: ungamo liligeuka mashindano, na ndugu wakaanza kupimana nani ametubu kwa kina. Hata hivyo ulijua kitu ambacho pande zote mbili za leo zimekipoteza. Ulijua kwamba dhambi ina anwani. Ukiiba mbuzi, kuna mlango wa kupiga hodi na kuna mbuzi wa kurudisha. Na ukisharudisha, unakaribishwa chai.

Nasisitiza anwani kwa sababu ya kinachotokea inapopotea. Ubaya hauondoki mahali kwa kuwa mhubiri ameacha kuutaja. Unatafutiwa mwenyewe mwingine. Katika mahubiri ya mpenyo, aliyezuia riziki yako ni adui, na adui mara nyingi ana sura: bibi wa upande wa baba, mke mwenza, jirani anayekusalimu mno asubuhi. Sisi wa mkoa huu hatuna haja ya kuelezwa mwisho wa njia hiyo. Tunawajua kamchape, wale wanaopita vijijini wakidai kufukua uchawi kwenye nyumba za watu. Tunajua wanavyomwacha mzee aliyenyooshewa kidole. Mhubiri wa mafanikio atachukia kulinganishwa nao, na kweli hachomi nyumba ya mtu. Lakini mantiki ni moja: nimepungukiwa, kwa hiyo kuna mtu amenifanyia, kwa hiyo nilipe anayeweza kumwona.

Chukua ziwa lenyewe. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa upande wetu wa Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu ya njaa kwa wengi, na kulikuwa na malalamiko ya haki kuhusu namna ilivyoendeshwa. Siku moja katika miezi hiyo nilisimama nje ya hema moja jioni nikamsikia mhubiri akilifungua ziwa katika ulimwengu wa roho, akivunja kila kamba iliyofunga samaki. Watu walilia kwa kweli. Hakuna aliyetaja makokoro yanayoburuzwa ufukweni na kubeba mpaka vifaranga. Hakuna aliyetaja nyavu za macho madogo, ambazo kila mtu pale alijua zinafichwa nyumba ipi. Kama kungekuwa na ibada moja ya mtindo wa Gahini usiku ule, wangepanda watu kumi jukwaani, na ziwa lingefaidika zaidi kuliko kwa kamba zote zilizovunjwa hewani. Nilipopita kanisa la kale Jumapili iliyofuata, niseme haki, nako suala la nyavu halikutajwa. Somo lilihusu mavazi.

Kwa hiyo anayetaka kushindana na mabango asianze na wizara. Aanze na mahubiri ya Jumapili ile inayofuata giza kuisha, siku ambayo mgawo umefanyika. Kwa lugha ya mwaloni mwenye mtumbwi huitwa tajiri, na hesabu huenda hivi: yanatolewa mafuta, yanatolewa matengenezo, yanatolewa madeni ya chakula, kinachobaki wanagawana tajiri na vijana wake. Wapo matajiri waaminifu. Wapo ambao mafuta yao hupanda bei siku ya mgawo tu. Wote wanaketi kanisani, tajiri mbele, vijana nyuma karibu na mlango, na Malaki 3:5 inawahusu kwa jina la kazi yao. Mhubiri akiisoma wazi, kisha akasema kwamba aliyezuia ujira anaweza kuurudisha leo na kusamehewa leo, bila bahasha, vijana wale watakuwa wamesikia kitu ambacho hema halikuwapa. Na tajiri naye, pengine kwa mara ya kwanza, atakuwa amesikia kwamba kuna njia ya kutoka.

Nilimuuliza mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema niliyemheshimu tangu utoto, kwa nini mstari huo hausomwi hapo kwao. Hakunikasirikia. Alitazama juu, kwenye paa jipya la rangi ya bluu, akasema, "Mwanangu, hayo mabati unajua yametoka kwa nani?"